Mji Ulipofika Shambani Kwetu

Juzi fundi anayenijengea uzio alimwagia maji rundo la matofali ya kuchoma, na harufu ikapanda. Nilikuwa nimesimama na kikombe cha chai mkononi. Wewe uliyekulia bara unaijua harufu hiyo: udongo ulioiva ukinywa maji kwa pupa, unanukia kama mvua ya kwanza, ila kuna moshi ndani yake. Fundi aliniuliza kama ninaumwa. Nikamwambia hapana, endelea na kazi. Lakini sikuweza kuondoka pale, kwa sababu nilikuwa nimeshamwona mama yangu, khanga ameikaza kiunoni, tope jekundu limempanda hadi magotini, anacheka.

Kwetu ni Bariadi, upande wa njia ya kwenda Nkololo. Mgeni akifika leo ataona nyumba zenye bati za rangi, maduka ya vifaa vya ujenzi, taa za barabarani, na watoto wa shule waliovaa soksi nyeupe zinazorudi nyumbani zikiwa bado nyeupe. Ukimwambia kwamba hapa palikuwa shamba la pamba, ataitikia kwa adabu na kutazama simu yake. Mimi nimepalilia pale. Pale penye kituo cha mafuta palikuwa na ngitili, malisho ambayo wazee walikuwa wakiyafunga wakati wa masika ili ng'ombe wapate majani kiangazi kikikaza. Nikipita na mwanangu huwa ninamwonyesha, naye ananiambia, "Mama, umeshasema." Nitasema tena. Naupenda mji ule kama mtu anavyompenda mdogo wake aliyemwona akijifunza kutembea.

Wakati huo kaya yetu ilikuwa nyumba mbili za nyasi ndani ya ua wa minyaa, na zizi katikati. Asubuhi ulikuwa unaamshwa na ng'ombe. Baba alikuwa mtu wa ng'ombe moja kwa moja. Alikuwa mrefu, mtaratibu, asiyependa maneno, lakini akiwa zizini alikuwa akiongea mpaka ukadhani ana wageni. Pamba alilima kwa sababu kila mtu alilima. Ng'ombe ndio waliokuwa maisha yake.

Mama yeye alitoka Nyashimo, kwenye barabara kuu ya kutoka Mwanza kwenda Musoma. Wazazi wake walikuwa wakichuuza dagaa na samaki wa kukaanga kwa abiria wa malori na mabasi. Alikuwa anapenda kutuambia, "Mimi nimezaliwa barabarani," na sisi, kaka yangu Masunga, mimi, na mdogo wetu Maduhu, tulikuwa tunamhurumia tukidhani bibi alimzaa akiwa anavuka.

Mtakumbuka jinsi mambo yalivyobadilika haraka miaka ile. Mwanzo pamba ilinunuliwa na ushirika tu, na dukani palikuwa na rafu tupu na kijana amelala juu ya kaunta. Kisha watu wakaanza kusema sasa ni ruksa. Wanunuzi binafsi wakaja na malori yao, kila mmoja na mizani yake na kipaza sauti chake, wakaanza kumgombania mkulima kama bibi harusi. Sabuni ikarudi. Sukari ikarudi. Minada ikajaa mitumba, na mjomba mmoja wa jirani akawa anachunga mbuzi amevaa koti la manyoya katikati ya jua la Septemba. Watu walianza kuhamia mjini kutoka kila upande, na mji ukaanza kutanuka.

Ni hapo niliposikia maneno yaliyonivuruga akili. Watu wazima walikuwa wakikutana njiani, wakishamaliza kuamkiana, mmoja anasema, "Mji unakuja." Mwingine anajibu, "Unakuja kweli. Umeshafika kwa Mzee Luhende." Mimi nilielewa kama nilivyosikia. Mji unakuja, kwa hiyo mji unatembea. Mwaka mmoja kabla ya hapo tembo walitoka porini wakapita mashambani, na niliona jinsi watu walivyosema "wanakuja" kwa sauti ileile, ya hofu iliyochanganyika na hamu ya kuona. Basi nikaamua mji ni mnyama mkubwa kuliko tembo, una macho mengi yanayowaka, na umelala kwa Mzee Luhende ukisubiri kupata nguvu. Nilimwambia Maduhu. Tukawa tunapanda kichuguu kilichokuwa nyuma ya zizi na kuangalia upande ule. Niliogopa, lakini kila asubuhi nilifagia uwanja mpaka nje ya ua, maana hata mgeni wa kutisha ni mgeni.

Siku wapima viwanja walipotokea, sikushangaa. Nilijua wametumwa mbele. Walikuwa na chombo cha miguu mitatu, na mmoja wao alikuwa anafumba jicho moja na kuchungulia shamba letu kana kwamba kuna kitu kimejificha ndani ya pamba. Walikata njia katikati ya mistari ya pamba iliyokuwa imeanza kupasuka, wakachimba vishimo, na katika kila kishimo wakasimamisha jiwe dogo la saruji lenye kichwa cheupe. Walipoondoka, Maduhu alilichunguza moja kwa muda mrefu, akaliwekea kiganja juu, akaniambia kwa kunong'ona, "Kabula, ni mayai. Mji umetaga."

Nilimwamini. Tulikuwa tukienda kuyatazama kila siku kama yameanguliwa.

Baba hakuona mayai. Aliona uzi uliovutwa kutoka jiwe hadi jiwe, na uzi mmoja ulipita katikati ya njia ya ng'ombe kwenda malamboni. Jioni ile tulikuwa uwanjani tukichambua pamba, nyeupe upande huu na ile yenye madoa upande ule, na baba akaanza kusema bila kumtazama mtu.

"Ngitili imekatwa. Njia ya maji imekatwa. Ng'ombe hawa watakula nini, saruji?"

Mama aliendelea kuchambua. "Wametuachia viwanja vyetu, Baba Masunga. Palepale tulipo. Mahali pa kaya hapajaguswa."

"Kiwanja," alisema baba, na alilitamka neno lile kana kwamba ni kokoto kwenye ugali. "Mtu mzima anakaa kwenye kiwanja? Ndugu zangu wameshaenda Usangu. Wanasema majani yanafika kiunoni. Na sisi tunaondoka."

"Mimi siendi."

Mikono ya kila mtu ilisimama. Kwetu mwanamke hakuwa akisema hivyo, angalau si mbele ya watoto. Baba alimwita kwa jina la babu yetu wa Nyashimo, mtoto wa Masanja, kama alivyofanya alipokuwa mkali au alipokuwa na mapenzi. "Ng'wana Masanja, unasema nini?"

"Nasema siendi. Mimi nimezaliwa barabarani. Nyashimo nilipokuwa mtoto palikuwa na miti miwili na dada yangu na beseni la samaki. Leo hakuna mahali pa kuweka beseni. Najua kinachokuja hapa. Wanaokimbia watarudi kupanga chumba kwenye ardhi yao wenyewe."

Baba hakufoka. Nadhani kama angefoka ingekuwa rahisi. Aliinuka akaenda zizini, na tulimsikia akiwaeleza ng'ombe.

Walikubaliana, au tuseme walishindwa kukubaliana kwa amani. Baba angeenda Usangu na ng'ombe pamoja na Masunga, aone nchi. Mama angebaki na sisi wawili. Baba alituachia ng'ombe mmoja wa maziwa na maksai wawili wa kulimia. Mmoja wa maksai hao aliitwa Mabala kwa sababu ya mabaka yake, mweusi na mweupe, pembe zimetanuka kama mikono ya mtu anayekupokea. Mama yake alikufa kwa kuumwa na nyoka, na baba alimlea mwenyewe kwa maziwa ya chupa. Asubuhi ya kuondoka, baba alimwegemea shingoni kwa muda, kisha akamwambia mama, "Mabala nakuachia. Akuletee chakula." Kisha wakaondoka wakiswaga kundi kuelekea kusini, vumbi likawafunika, na kaya ikawa na ukimya nisioweza kuusahau. Asubuhi iliyofuata nilichelewa kuamka. Hapakuwa na kundi la kuniamsha.

Mvua zilipokwisha, ofisa wa ardhi akapita akiwa juu ya pikipiki. Hakuwa mtu mbaya. Alimwamkia mama vizuri, akakubali maziwa mgando, akakaa kwenye kigoda na magoti yake karibu na masikio.

"Mama, viwanja ni vyenu," alisema, "lakini lazima viendelezwe. Kisipoendelezwa kwa muda uliowekwa, anapewa mwingine. Wapo wengi wanaovitaka."

"Kuendeleza ndiyo kufanya nini?"

"Kujenga. Nyumba ya kudumu. Tuone ukuta wa tofali, tuone bati. Hizi za nyasi hazihesabiki."

Mama aliitazama nyumba yake ya nyasi, ambayo alikuwa ameipaka udongo mpya wiki ileile. "Wanangu wamezaliwa ndani ya isiyohesabika," alisema. Ofisa akacheka kwa aibu. Alipomaliza maziwa alisema, "Baba wa nyumba akirudi mwambieni."

"Nimeshasikia mimi," mama akajibu.

 Siku kadhaa mama alikuwa anatembea kutoka jiwe moja jeupe hadi jingine huku amefunga mikono nyuma, kama wale wapima. Mama hakuwa amesoma zaidi ya madarasa machache, na hakuna mtu wa kwao wala wa kwetu aliyewahi kuishi ndani ya tofali la kuchoma. Lakini alijua jambo moja ambalo kila mtu wa kwetu analijua: mkono mmoja haulimi shamba kubwa, ngoma ndiyo inayolilima. Asubuhi moja alijifunga khanga mpya, akatutuma tukae kwa jirani, akaenda kumtafuta manju wa bugobogobo.

Kama hujakulia Usukumani, bugobogobo ni ngoma ya majembe. Kikundi cha vijana na wanawake kinakuja shambani na ngoma kubwa, manju anaimba, na majembe yanapanda na kushuka pamoja. Kazi ikikolea, yanarushwa juu, yanazunguka hewani, yanadakwa bila mdundo kukosewa. Shamba la wiki linaisha kabla jua halijawa kali. Mwenye shamba analisha watu. Manju wa kwetu alikuwa mtu mfupi mwenye kifua kipana, aliyevaa kengele miguuni hata siku za kawaida. Alikuja kayani kwetu jioni, akasikiliza, akakuna kichwa.

"Mayu, mama yangu, sisi tunalima. Matofali hatujawahi."

"Udongo si udongo?" mama alimuuliza. "Mnakata, mnakanyaga, mnafyatua. Tofauti ni nini, ila kwamba hiki mtakachopanda hakihitaji mvua?"

Manju alicheka hadi kengele zikalia. Kisha akauliza lile lililokuwa lazima kuulizwa. "Na chakula? Watu watakuwa wengi, na kazi si ya asubuhi moja."

Mama alitazama upande wa zizi. Niliona macho yake yalipotua. "Kuna Mabala," alisema.

Sijui niwaelezeje uzito wa maneno hayo mawili. Bila Mabala hakuna plau, maana maksai mmoja halimi. Bila plau hakuna pamba. Mama alikuwa anakata kamba nyuma yake, na kamba yenyewe ilikuwa ya mumewe. Jirani yetu, Mama Ngolo, alikuja kumwonya akiwa ameshika mdomo. "Ng'wana Masanja, huyo ni mtoto wa mume wako. Akirudi atakurudisha Nyashimo na beseni lako." Mama alimjibu kwamba Nyashimo sasa ni pazuri, hata akirudishwa hatalia. Lakini usiku kabla ya siku yenyewe nilimsikia akizungumza na Mabala, kama baba alivyokuwa akifanya. Sikuyasikia maneno.

Udongo mzuri wa tofali haukuwa mbugani, kwenye udongo mweusi unaopasuka jua likiwaka. Ulikuwa kwenye kichuguu chetu nyuma ya zizi. Wapo waliosema kichuguu kile kina wenyewe, kisiguswe. Mama hakubishana. Alinyunyiza unga kidogo chini ya kichuguu, akasema kwa Kisukuma kwamba wakubwa wasamehe, wajukuu wanataka mahali pa kulala, kisha akakata jembe la kwanza yeye mwenyewe.

Na hapo ndipo palipoanza siku nzuri kuliko zote za utoto wangu. Ngoma ililetwa na watu wawili. Majembe yaling'aa. Kichuguu tulichokuwa tukipanda mimi na Maduhu kuuangalia mji kilianza kumong'onyoka kwa mdundo, na udongo mwekundu ukajaa shimoni, ukamwagiwa maji, na wanawake wakaingia kuukanyaga wakiimba. Manju alitunga palepale wimbo wa mwanamke aliyepanda nyumba. Wapita njia walisimama. Baiskeli zililazwa chini. Karani wa mmoja wa wanunuzi wa pamba, kijana aliyekuwa akitembea na kalamu sikioni, alivua viatu vyake vya ngozi, akavipanga vizuri juu ya jiwe jeupe la mpaka, akaingia kwenye tope. Watu walishangilia kama amefunga goli. Nami nilikuwa mle ndani, tope linanichezea kati ya vidole, nimemshika mama khanga, na alikuwa anacheka.

Nyama ya Mabala ilipikwa kwenye masufuria ya jirani zote. Nilikula huku nalia, kisha nikaomba nyingine. Mtoto hana msimamo.

Matofali yalipokauka yalipangwa tanuru. Kuni zilikuwa taabu, maana mashamba yote yaliyotuzunguka yalikuwa pamba tupu. Tulikusanya mabua ya pamba kutoka kwa kila jirani, ambayo hata hivyo yalipaswa kuchomwa msimu ukiisha, lakini hayakutosha. Tanuru linahitaji gogo linalokaa na moto. Basi mama akaingia zizini na kuanza kung'oa nguzo. Zilikuwa nguzo za babu yangu, ngumu, zimelainishwa na mbavu za ng'ombe vizazi na vizazi. Moja baada ya nyingine ziliingia kwenye midomo ya tanuru. Moto ule uliwaka siku nyingi, na ulipopoa, matofali yalitoka mekundu, yakigongwa yanalia kama chuma.

Yule maksai wa pili alibadilishwa kwa bati. Fundi kutoka Maswa akajenga ukuta, chumba baada ya chumba kwa mstari, kila kimoja na mlango wake kuangalia barabarani, kwa sababu mama alisema nyumba isiyoangalia barabara imelala. Ofisa wa ardhi aliporudi na pikipiki yake alizima injini mbali, akaja akiitembeza polepole, akazunguka ukuta wote. "Mama," alisema, "hii inahesabika." Akaomba maziwa mgando, na mama akampa.

Wapangaji hawakutafutwa. Mwalimu mmoja na mkewe walichukua chumba kabla sakafu haijakauka. Nesi wa zahanati akafuata, na yule karani wa viatu vya ngozi. Kisha kando yetu Mama Ngolo naye akafyatua matofali, na ngoma ikalia tena. Kisha mwingine. Nyumba zikachomoza kutoka kwenye yale mayai, kama Maduhu alivyosema, na barabara ikanyooka katikati ya shamba la pamba ambalo nilikuwa nalijua kila mstari. Mtu akafungua duka. Mwingine akaleta mashine ya kusaga, na mlio wake ukachukua nafasi ya ng'ombe kuniamsha. Siku moja nilimuuliza mama, nikiwa bado nafagia hadi nje, "Mayu, mji wenyewe utafika lini?"

Aliniangalia kama hajaelewa. Kisha akaelewa, akakaa chini kabisa kwa kucheka, akafuta machozi kwa ncha ya khanga. "Angalia miguu yako, Kabula. Unaufagia."

Nilisikitika kidogo kwamba hakuna mnyama. Lakini jioni ile nilisimama barabarani nikatazama taa za karabai zikiwashwa dirisha baada ya dirisha, nikasikia redio mbili zikibishana, na harufu ya maandazi kutoka kwa mke wa mwalimu, na nikaona kwamba yale macho mengi yanayowaka hayakuwa uongo. Tangu siku ile sijawahi kuuogopa mji wowote.

Baba alirudi masika mengine yalipokuwa yamepita. Ilikuwa alasiri. Nilikuwa nimetoka bombani, ndoo kichwani, nikamwona mwanamume mrefu aliyevaa katambuga za tairi la gari na mgolole uliofifia, fimbo mabegani, amesimama penye njia panda. Alienda hatua chache, akarudi. Alipita mbele ya nyumba yetu kabisa, akaitazama, akapita. Ndipo nilipomtambua kwa mwendo wake, ule utaratibu wa mtu aliyezoea kutembea nyuma ya ng'ombe. Niliteremsha ndoo.

"Baba!"

Aligeuka. Ilimchukua muda kunitambua, maana nilikuwa nimerefuka. "Kabula," alisema. Sauti ilikuwa imekauka. "Kaya yetu wameihamishia wapi?"

Nilimshika mkono nikamwongoza hadi mlangoni. Mama alitoka. Walisalimiana kwa adabu zote, "Mwadila," "Mwadila," mama akauliza habari za Masunga, za ndugu, za njiani, naye akajibu moja moja. Masunga alikuwa mzima, amebaki na kundi. Baba aliletewa kigoda, akakaa, akanywa maji. Kisha akatazama nyuma ya nyumba, mahali palipokuwa na zizi, akaona kamba za kuanikia nguo za nesi.

"Mabala yuko wapi?"

Maduhu alikimbilia ndani. Mimi nilibaki. Mama hakukimbia wala hakuinamisha kichwa. Alisimama mbele yake, mikono imeshika mikunjo ya khanga.

"Mabala yumo ukutani," alisema. "Mwenzake yuko juu, anazuia mvua. Nguzo za zizi ndizo zilizoivisha matofali. Nilifanya peke yangu kwa sababu hukuwepo nikuulize, na muda ulikuwa unaisha. Ukitaka kukasirika, kasirika, Baba Masunga. Una haki. Lakini kula kwanza."

Baba aliweka kikombe cha maji chini.  Kisha akainuka, akaenda ukutani, akaupitisha mkono taratibu kutoka mwanzo hadi mwisho wa nyumba, akisimama penye kila mlango. Alikuwa anapumua kwa nguvu, na sikujua kama ni hasira au ni kilio. Alifika kwenye chumba cha mwalimu. Mwalimu alikuwa ndio anarudi kutoka kazini na chaki kwenye mikono ya shati. Alimwona mzee mgeni, akamwona mama nyuma yake, akaelewa. Akainama kidogo.

"Shikamoo, mwenye nyumba."

Baba aliangalia nyuma kuona nani anayeamkiwa. Hapakuwa na mtu. "Marahaba," alisema hatimaye, na nikaona mabega yake yakishuka.

Alikula. Alikula ugali na nsansa, majani makavu ya kunde yaliyoungwa karanga, kama mtu aliyeota chakula hicho kwa muda mrefu. Aliposhiba alianza kusema, na alisema kuliko nilivyowahi kumsikia akisema nje ya zizi. Majani ya Usangu yalikuwa kweli, lakini wenye nchi hawakuwataka. Waliambiwa wasogee, wakasogea, wakaambiwa tena. "Na mwisho," alisema, "asubuhi moja nikaona watu wenye kile chombo cha miguu mitatu. Huko pia. Katikati ya nyasi." Alitikisa kichwa. "Nimetembea nchi nzima nikikikimbia kitu ambacho mke wangu alikuwa anakilisha nyumbani."

Mama alicheka, lakini alikuwa anafuta macho.

"Umenikosea, Ng'wana Masanja," alisema baba.

"Nimekukosea."

"Na umefanya vizuri."

"Na nimefanya vizuri," mama alisema.

Wakakaa kimya pamoja, na ule haukuwa ukimya wa kaya ilipoondokewa na ng'ombe.

Asubuhi baba alitembea kuanzia mwanzo wa mstari wa vyumba hadi mwisho, mikono nyuma. Chumba cha mwisho kabisa kilikuwa bado hakina mlango. Mama alikuwa ametundika gunia la pamba pale, na ndani aliweka majembe na kuni. Baba alifunua gunia, akachungulia.

"Hiki kina mtu?"

"Hakina. Hakijapata mlango."

Baba alilishusha gunia. Alichukua fimbo yake, akatoka, na tukamwona akishuka barabarani kuelekea mjini. Mama alisimama akimtazama mpaka alipopotea kona ya duka. Sijawahi kumwona mama akiogopa ila asubuhi ile. Hakupika, hakufagia. Alikaa kizingitini na mikono mapajani.

Jua lilikuwa limeshapanda aliporudi. Kwanza tulisikia watoto wakipiga kelele, kisha tukaona mlango mzima wa mninga ukija barabarani wenyewe, umelala, na chini yake miguu miwili mirefu ndani ya katambuga. Fimbo hakuwa nayo tena. Alikuwa ameubeba kichwani kutoka kwa seremala, ameushika kwa mikono yote miwili, jasho linamtiririka, na alikuwa anatembea katikati kabisa ya barabara kwa mwendo wake uleule wa taratibu. Muuza duka, ambaye alikuwa ametokea Musoma na hakuwa anamjua, alitoka nje kumpisha.

"Pole na mzigo, mzee," alimwambia. "Umehamia lini huku kwetu?"

Baba alisimama, mlango ukayumba, akausawazisha.

"Sijahamia," alisema. "Mimi nimezaliwa hapa." Kisha akaniita nije nishike upande wa mbele, tukaupeleka nyumbani.